Drafti gani?

Mwulize mtoto yeyote wa Temeke drafti ni nini, atakupeleka kijiweni. Utakuta kipande cha plaiwudi kimechorwa vyumba vya rangi mbili, visoda 12 vimelala kifudifudi upande mmoja, 12 vimelala chali upande wa pili, na watu wazima wamekizunguka wanabishana kama wanagawana urithi. Mimi nimekulia huko. Sikuwahi kucheza, maana msichana akisimama pale kidogo tu hutumwa dukani, lakini kutazama nilitazama sana. Baba alikuwa haondoki kwenye ubao mpaka afuatwe, na wa kumfuata nilikuwa mimi.

"Shikamoo baba. Mama anasema chakula kinapoa."

"Marahaba. Ngoja nimmalize huyu."

Kumalizana huko kulikuwa kunafika mpaka isha. Utamu wa drafti, kwa asiyeijua, uko hapa: kula ni lazima. Ukiwekewa kete mdomoni huna ruhusa ya kusema umeshiba. Kwa hiyo fundi hakufukuzi. Anakupa kete moja ule, halafu yeye anakula tatu za kwako na kuingia kingi, na kijiwe kizima kinakuzomea.

Basi kwangu drafti ilikuwa jina la mchezo, kama bao au karata, likaishia hapo. Sekondari mwalimu wa Kiingereza akatuambia kila insha ianze na drafti ndipo iandikwe safi. Sikushtuka. Nikaona ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Tena kwenye kamusi ya shule hata herufi hazikufanana: la insha liliandikwa "draft", la mchezo "draughts". Nani angedhani ni ndugu?

Nilipoajiriwa kwenye ofisi ya uwakala wa mizigo, jirani na bandari, ndipo neno hili lilipoanza kunitoa jasho. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza tatu, na kila meza ilikuwa na drafti yake.

Ya kwangu ilikuwa karatasi. Tulikuwa tunasafirisha mizigo ya kwenda nje: korosho, ufuta, shaba ya Zambia na Kongo. Kabla kampuni ya meli haijatoa hati ya shehena, ile mjini tunayoiita bi-eli, inakutumia nakala ya awali uikague. Unapitia jina la mpokeaji, idadi ya vifurushi, uzito, namba za kontena, namba za lakiri. Ukiridhika unajibu, hati inatoka. Herufi moja ikipotea hapo, mzigo utakwama kwenye bandari ya watu huku gharama za hifadhi zinahesabiwa kila siku inayokucha.

Kwa mhasibu wetu, dada mmoja asiyependa mzaha na senti, drafti ilikuwa pesa: hundi inayoandikwa na benki yenyewe, si na mwenye akaunti, kwa hiyo hairudi kwa kisingizio kwamba akaunti haina kitu. Ongeza "ova" mbele yake, mambo yanageuka: ovadrafti ni kutoa usichonacho.

Na kwa kaka wa opareshani, aliyeshinda gatini na kofia yake ngumu, drafti ilikuwa kina. Meli imezama mita ngapi? Gatini kuna maji mita ngapi? Siku hizo gati za zamani, namba 1 hadi 7, zilikuwa bado hazijaongezwa kina. Mradi wa kuziimarisha ulianza 2017 na sasa zina mita 14.5. Kabla ya hapo, kaka huyu alikuwa anahesabu mita na sentimita kama mgonjwa wa sukari anavyohesabu vijiko.

Siku moja ikaingia barua pepe kutoka kwa wakala wa nje. Ilikuwa mstari mmoja tu: tafadhali tutumieni drafti, haraka. Haikutaja hati, wala meli, wala malipo. Kijana wa mazoezi ya kazi akawahi, akaambatanisha bi-eli ya awali na kuituma. Jibu likarudi kwamba hiyo siyo. Mhasibu akaanza kupekua mafaili ya benki, anaapa kwamba hakuna anayetudai. Kumbe nahodha alikuwa njiani na alichotaka ni kujua meli yake inaruhusiwa kuingia ikiwa imezama kiasi gani. Bosi akatoka chumbani kwake akauliza, "Drafti gani lakini?" Tangu hapo swali hilo likawa kama salamu ya ofisi. Ukitamka drafti bila kufafanua, watu watatu wanakujibu kwa pamoja.

Mimi ndiye niliyeomba nipelekwe gatini nikaione hiyo ya tatu. Kulikuwa na meli ya ngano ya kichele. Ngano ya kichele haina magunia ya kuhesabu. Imemwagwa tumboni mwa meli, maelfu ya tani, na mizani ya kuinyanyua meli haijatengenezwa. Kinachofanyika ni kuigeuza meli yenyewe kuwa mizani. Chombo kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawasawa na wake, jambo alilolifafanua Mgiriki Archimedes zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Basi unasoma meli ilivyozama kabla ya kushusha, unasoma tena baada ya kushusha, na tofauti inakupa ngano.

Hiyo ndiyo habari fupi. Kuisoma ndiyo kazi. Ubavuni zimechorwa namba, moja juu ya nyingine, kila namba ina urefu wa sentimita 10 na juu yake kuna sentimita 10 tupu. Namba husomwa kwenye unyayo wake, si kichwani. Juu ya alama ya mita 8 kuna 2, kisha 4, kisha 6. Maji yakigusa unyayo wa 4, meli imezama mita 8.40; yakifunika kichwa chake, 8.50. Lakini maji ya bandarini hayakai kama uji kwenye bakuli. Kila chombo kikipita, yanapanda na kushuka ubavuni, na mpimaji anainama, anasubiri, anaangalia yanapofika juu na yanapofika chini, ndipo anakata wastani. Anasoma sehemu sita: omo (mbele), katikati na tezi (nyuma), upande wa gati na upande wa bahari. Ule wa bahari unaufuata kwa boti.

Kisha anateka maji kwa ndoo na kutumbukiza kijiti cha kioo cha kupimia uzito wake. Maji ya bahari huwa na tani 1.025 hivi kwa kila mita ya ujazo, ila bandari yetu inamwagiwa maji baridi na mito ya Kizinga na Mzinga, na masika yakikolea yale maji yanakuwa mepesi na meli inazama zaidi kidogo bila kuongezwa hata punje. Kidogo hicho si cha kudharau. Kwa meli ya urefu wa mita 190 na upana wa mita 32, sentimita moja ni kama tani 50. Yaani ukipepesa macho umepoteza lori moja na trela lake, na bado tani zimebaki.

Mpimaji alikuwa mzee mmoja mtaratibu, shati limepigwa pasi utadhani anakwenda harusini. Nilipodhani tumemaliza, akaniambia, "Bado, mwanangu. Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani." Nikafikiri ananipa methali. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu: tukashuka ngamani, chini tumboni mwa meli, kupima maji ya kusawazisha meli kwenye matangi ya chini, kwa sababu maji hayo na mafuta ya mashine lazima yatolewe kwenye hesabu, la sivyo utamuuzia mtu maji kwa bei ya ngano.

Kwenye fomu yake nikaona ameandika "draught", herufi zote saba. Fomu yetu ofisini iliandikwa "draft". Nikamuuliza ipi sahihi. Akasema zote, ya kwetu imepitia Marekani, ya kwake London. Ni kweli. Mkataba wa kimataifa wa mistari ya upakiaji wa 1966, ule unaosema meli ipakiwe mpaka wapi, unatumia herufi saba. Mmarekani anaandika tano kwa kila kitu. Mwingereza anagawa: ya karatasi na ya benki anaipa tano, ya meli, ya bia, ya upepo na ya mchezo anazipa saba. Ukiniuliza mimi, Mmarekani ana akili zaidi hapo. Ila kwenye mchezo Mmarekani naye anakwepa, anauita "checkers".

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi, nikaomba kamusi kubwa, ile ya kushika kwa mikono miwili. Niliyoyakuta humo ndiyo yaliyonifanya nianze kulipenda neno hili badala ya kuligombeza. Mzizi wake ni neno la Kiingereza cha kale, "dragan", na maana yake ni kuvuta, kukokota. Basi. Yote yaliyobaki ni watoto wa kuvuta.

Bia ya drafti ni inayovutwa kutoka kwenye pipa kwa mkono wa bomba. Ng'ombe wa drafti ni wa kuvuta jembe au mkokoteni. Mchora ramani anavuta mstari, na ukivuta mistari ya kwanza ya barua au mkataba, hiyo ndiyo drafti ya karatasi. Benki inavuta pesa kutoka kwenye akaunti. Kwa Waingereza meli nayo husemwa inavuta maji kadiri ilivyozama. Na mchezo wa baba? Zamani kusogeza kete kuliitwa hivyohivyo, kuivuta, na mvuto mmojammoja ukaupa mchezo jina. Nilicheka peke yangu pale maktaba, kwa sababu sisi wenyewe hatuhitaji kufundishwa. Kwetu mtu anavuta sigara, anavuta pumzi, anavuta waya wa umeme kutoka kwa jirani, anavuta kiti, na mwisho wa mwezi watoto wa mjini wanasema kavuta mshiko. Mwingereza aliyeiona pesa ikivutwa hakuona zaidi ya alichokiona dalali wa Kariakoo.

Na zile herufi "gh" zilizokaa katikati kama wageni wasiokaribishwa zina habari yake. Hapo mwanzo zilitamkwa, kwa sauti ya kooni, karibu na ile wazee wetu wanayoitoa wakisema "kheri" kwa kukaza. Kisha Waingereza wakachoka kukwaruza koo. Katika maneno mengine sauti ikafa kabisa, ndiyo maana "night" na "daughter" zimebaki na herufi zisizosomwa. Katika mengine ikageuka "f": "laugh", "enough", na hili letu. Wengine wakaamua kuandika wanavyosikia, ikazaliwa "draft". Mtu anayewacheka Waswahili kwa kuandika "drafti" wanavyosikia ajue Waingereza walitangulia kufanya hivyo.

Herufi hizo zina hasara zake lakini. Rafiki yangu mmoja anafanya kazi ya kuchapa na kuhariri ripoti za mashirika ya kilimo. Huko "draught" hukutana na "drought", ukame, tofauti ni herufi moja tu, na matamshi yako mbalimbali kabisa. Amewahi kuletewa andiko zima linalosifu mbegu za mahindi zinazostahimili "draught". Kwa Kiingereza cha kawaida hayo ni mahindi yasiyoogopa upepo wa dirishani. Kompyuta haikupiga mstari mwekundu hata mmoja, maana neno lipo kwenye kamusi na limeandikwa sawa. Akalisahihisha mpaka mwisho, kisha akakuta ukurasa unaozungumzia maksai wa kulima, wa "draught" halali, nao mtu amewageuza kuwa maksai wa ukame.

Huo upepo wa dirishani nao ni jambo la kuchekesha. Kule Uingereza upepo huo ni adui. Wanauza mito mirefu myembamba ya kuziba chini ya milango ili usipenye. Sisi tunautafuta kwa nauli: Jumapili jioni watu wanatoka Gongo la Mboto mpaka Coco Beach kupunga upepo, na fundi anayejua kazi Dar anapanga dirisha litazamane na dirisha ili nyumba ivute hewa. Ukiitafsiri kwa neno moja, lazima ujue uko upande gani wa dunia.

Kijiweni Temeke walikuja kukutana na drafti nyingine Juni 2009. Redio zilitangaza asubuhi kwamba Hasheem Thabeet, kijana wa Dar aliyepitia shule ya Makongo, kachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies. Mtanzania wa kwanza kufika huko, mita 2.21 za urefu. Mzee mmoja akainua macho kwenye ubao. "Wa pili? Kafungwa na nani?" Walimwelewesha kwamba huko drafti ni timu kuvuta wachezaji wapya kwa zamu, na aliyevutwa wa kwanza ni Blake Griffin. Hakuridhika. Alishikilia kwamba mtu mwenye mikono mirefu namna ile ubaoni angewasumbua. (Wa saba siku ile alikuwa Stephen Curry, lakini hilo tumelijua uzito wake baadaye.)

Timu hizo zililiazima neno kutoka jeshini. Wamarekani huita drafti kule kuvutwa kwa vijana kwa nguvu kwenda vitani, na kwao ilidumu mpaka 1973. Muhammad Ali aliikataa huko Houston Aprili 1967, akanyang'anywa ubingwa, na haikufutwa hatia yake mpaka 1971. Wenye umri wao hapa mjini wanamkumbuka kwa jambo jingine. Februari 1980 alikuja Dar akiwa mjumbe wa Rais Jimmy Carter, kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Sisi tuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, tangu 1963, na vijana wanaokwenda kwa kulazimishwa na sheria, lakini hakuna aliyewahi kuiita drafti. Tunasema "kwa mujibu wa sheria", au "mujibu" basi, na kila mzazi anaelewa.

Najua kuna watakaoniambia Kiswahili kina neno la karatasi ya awali, nalo ni rasimu. Lipo, na 2013 lilikuwa midomoni mwa nchi nzima: Juni ilitoka Rasimu ya kwanza ya Katiba, Desemba Tume ya Jaji Warioba ikakabidhi ya pili, na hata kondakta wa daladala alikuwa na maoni yake juu ya rasimu. Ofisini kwetu halikuingia. Nilijaribu kuandika "rasimu ya bi-eli" kwenye barua kwa mteja, akapiga simu kuuliza kama serikali imebadilisha utaratibu. Rasimu imebaki na ukubwa wa Katiba na sera. Karatasi inayosubiri kusahihishwa namba ya lakiri imebaki drafti, na sioni haja ya kuwalazimisha watu.

Nilichofanya, nilipopewa kuwafundisha vijana wanaoanza kazi, ni kuwazuia kuliandika peke yake. Iwe "drafti ya bi-eli", "drafti ya benki", "drafti ya meli". Kwa barua za Kiingereza nawaambia wamfuate mteja: akiandika herufi tano, tano, akiandika saba, saba. Kabla ya kujibu wajiulize anayeandika anavuta nini. Wengine wananiona namkuza mbu. Hawajawahi kupigiwa simu na nahodha saa nane usiku.

Mteja wetu mmoja wa Lubumbashi, mwenye shaba, Kiingereza hakitaki kabisa. Anaongea Kiswahili cha kwao na Kifaransa. Siku tuliyokuwa tunahangaikia kina cha meli yake nilimuuliza wao hukiitaje. Akasema "tirant d'eau". Nikamwomba anifafanulie neno la kwanza. Akafikiri kidogo, akasema limetoka kwenye kuvuta.

"Kumbe na nyie mnavuta!"

"Tunavuta nini, mama?"

Nikaanza kumweleza habari ya bia na ng'ombe na kete. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza drafti ya bi-eli yake nitamtumia leo au kesho.